Koti la Mwenye Duka

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa sababu siku ramani ilipochorwa mhusika alikuwa ametoka kidogo kunywa chai. Lakini ipo. Ina bendera, ina Wizara ya Rafu na Ugavi, na ina maduka ya Jirani. Mimi nimefanya kazi katika duka la Jirani, tawi la Makutano ya Tatu, miaka ishirini na sita, nikipanga bidhaa kwenye rafu. Sina cheo kingine. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nina maoni.

Wageni wakifika kwetu huuliza: hizi supamaketi zenu ni za nani? Ni swali la watu wasiofundishwa adabu, lakini jibu lake ni jepesi na kila mtoto wa darasa la tatu analijua. Kila duka la Jirani linamilikiwa na mwenye duka wake, mwenyeji wa hapo hapo, mtu ambaye majirani wanamjua kwa jina na kwa kikohozi. Wenye maduka wote, mia moja na kumi na mbili, kwa pamoja wanamiliki Ghala Kuu lililoko makao makuu ya kanda, linalowaletea mchele, sabuni na betri. Na Ghala Kuu linamiliki jengo la duka, rafu, mizani, matoroli, jina lililo juu ya mlango, ufunguo wa mlango, na haki ya kusema nani ni mwenye duka. Kwa hiyo duka ni la mwananchi. Ni vitu vyote vilivyomo tu ndivyo vya Ghala.

Ili jambo hili lisisahaulike, sheria inataka mambo mawili. Picha ya mwenye duka itundikwe juu ya mlango ndani ya fremu ya kijani. Na kila Alhamisi, kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi, mwenye duka akae kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti la kijani la Jirani, awakaribishe wateja. Kikao hicho kinaitwa Umiliki. Mtu akiuliza, "Mzee yuko wapi?" unamwambia, "Yuko kwenye Umiliki," naye anaelewa kwamba asimsumbue. Mkaguzi wa wilaya hupita, humtazama, huandika, huondoka.

Mwenye duka wetu alikuwa Mzee Chande Mbwiga. Alikaa kwenye kile kiti miaka thelathini. Kitabu cha mwongozo kinasema mteja aambiwe "Karibu dukani," lakini yeye alisema "Karibu kwako," na Ghala lilimwandikia barua tatu za kumrekebisha. Alikuwa na tabia nyingine iliyonitesa mimi. Kila nikimaliza kupanga makopo, alipita nyuma yangu na kuyageuza mpaka lebo zote zielekee kiti chake. Alisema bidhaa isiyomtazama mtu usoni ina jambo inalolificha. Nikimaliza yeye anageuza, akiondoka mimi narudisha, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kupandishiana sauti. Nilimpenda yule mzee.

Mara moja tu katika miaka thelathini alijaribu kulitumia duka lake. Aliwaandikia Ghala Kuu akiomba chumvi ihamishwe kutoka rafu ya chini kwenda ya katikati, kwa kuwa bibi zetu wanaumwa migongo na hawawezi kuinama. Jibu lilikuja mwaka wa nne. Lilimsifu kwa kurasa mbili kama mmiliki mwenye uchungu na mali yake, kisha likamkumbusha kwamba chumvi inakaa chini. Mpaka leo inakaa chini.

Alifariki siku ya Jumatatu, nyumbani kwake. Tulikuwepo mimi na binti yake wa pekee, Sikudhani, ambaye ni keshia pale pale dukani na ambaye huniita baba mdogo tangu alipokuwa hajaota meno. Mzee alimshika binti yake kiganja.

"Mkishanizika, mniache nilale," akasema. "Miaka thelathini sijapata kulala Alhamisi."

"Utalala, baba."

"Niahidi."

"Nakuahidi, baba."

Akafumba macho. Tulimzika kesho yake, Jumanne, karibu na mkewe, kwenye udongo mwekundu upande wa pili wa mto.

Kwetu mtu akifa kiti chake hakiachwi kitupu mpaka arobaini ipite. Huwekwa nguo yake juu, ili mtu asije akakikalia kwa kusahau. Ndiyo maana Alhamisi asubuhi Sikudhani alichukua lile koti la kijani, akalivisha mgongo wa kiti, akaenda kukaa kwenye mashine yake huku machozi yakimtoka. Saa mbili na nusu akaingia mkaguzi wa wilaya, Bwana Lusinde Kapele, mtu mpole, mnene kidogo, anayetembea na kalamu mbili endapo moja itakataa.

Fomu ya ukaguzi ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa "Amekaa" na kingine "Amesimama." Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, nimebeba katoni ya nyanya za kopo.

"Mzee hajambo?" akaniuliza.

"Amefariki, Bwana Mkaguzi. Tumemzika juzi."

"Poleni sana," akasema, na nilimwona ameguswa kweli. Akaitazama fomu. Akakitazama kiti. "Lakini hajasimama."

"Hajasimama," nikakubali.

Akaweka alama kwenye "Amekaa."

Alinieleza baadaye, akinywa soda. Visanduku vyote viwili vikiachwa vitupu, maana yake duka halina mwenyewe. Duka lisilo na mwenyewe hufungwa kabla ya adhuhuri, na Jirani nyingine iko kilomita arobaini. Alifikiria wagonjwa, alifikiria maziwa ya watoto. Kosa lilifanywa kwa huruma, na nadhani ndiyo sababu lilishindikana kufutwa. Mimi nami nilisema "hajasimama." Neno hilo nimekuwa nikilirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Wiki iliyofuata Sikudhani alikwenda Ofisi ya Vizazi, Vifo na Maduka kuandikisha kifo cha baba yake. Nilimsindikiza. Karani, Bi Tausi Ngwale, alitufungulia jalada, akasoma kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Kifo Jumatatu," akasema. "Ukaguzi Alhamisi, amekaa. Karatasi ya Alhamisi ni mpya zaidi, wanangu."

"Lakini mama, tulimzika," akasema Sikudhani. "Watu mia mbili walikuwepo. Hata wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na nililia. Mtu kufa Jumatatu hatukatai. Lakini Alhamisi alikuwa kazini."

"Sasa amekufa au hajakufa?"

Bi Tausi akafunga jalada taratibu, akatutazama kama mama anayetoa dawa chungu.

"Nyumbani amekufa, mwanangu. Kazini hajafa."

Basi picha ikabaki juu ya mlango, na koti likabaki kwenye kiti. Meneja wetu, Godlove Sanka, kijana aliyeletwa na Ghala Kuu kumsaidia mwenye duka kumiliki, alisema haoni tatizo. Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya kawaida, ila nilipokwenda kulipanguza vumbi lile koti nilikuta limefungwa vifungo vyote, mpaka cha juu kabisa. Mzee Chande alikuwa akifunga kifungo cha juu hata wakati wa joto. Nilidhani Sikudhani ndiye amefunga. Sikudhani alidhani ni mimi.

Alhamisi ya tatu nilifungua duka asubuhi nikakuta makopo yote yamegeuka. Ya nyanya, ya maharage, ya maziwa, hata yale ya rafu ya juu ambayo mimi mwenyewe huyafikia kwa ngazi. Lebo zote zilielekea mlangoni, kwenye kiti. Nikasimama katikati ya yale makopo, yote yakikitazama kiti kilichokuwa nyuma yangu. Niliogopa, nasema wazi. Halafu ikaja harufu ya karafuu alizokuwa akitafuna mzee, na baada ya harufu, kikohozi.

Mteja wa kwanza siku ile alikuwa bibi mmoja ambaye hununua sukari robo. Alipovuka mlango sauti ikamwambia, chinichini, "Karibu kwako." Akajibu, "Ahsante, Mzee Chande," akapiga hatua mbili, ndipo akakumbuka. Kikapu kilimtoka mkononi.

Kabla ya saa nne Godlove alikuwa amekwisha kubandika tangazo: "Wateja wanaombwa kujibu salamu ya mwenye duka." Aliripoti Ghala Kuu kwamba mahudhurio ya mmiliki yameimarika. Ghala likatuletea cheti cha kupongeza, kikatundikwa karibu na friji za maziwa. Bwana Lusinde akaja, akasikia kikohozi kwa masikio yake, akaweka alama kwenye "Amekaa" bila dhamira kumsuta tena. Na watu wakazoea. Hili ndilo linalonishangaza kuhusu wenzangu na kuhusu mimi. Kufika Alhamisi ya sita watu waliingia wakisema "Ahsante mzee" huku wakitafuta mafuta ya taa kwa macho.

Sikudhani hakuzoea. Mashine yake iko hatua chache kutoka kwenye kiti, na yeye alisikia kitu ambacho wateja hawakukaa muda wa kutosha kukisikia. Baada ya kila "Karibu kwako" mzee alihema. Pumzi ndefu, ya mtu aliyeamshwa usingizini akaambiwa asimame. Mimi pia nilikuwa nikiisikia. Sauti haikunitisha tena, lakini ule uchovu ulinitisha mpaka mwisho.

"Baba mdogo, mzee hajalala," akaniambia. "Nilimwahidi."

Alijaribu kulichukua koti. Jumatano alilipeleka nyumbani, akalifungia sandukuni, akakalia sanduku. Alhamisi alfajiri sanduku lilikuwa tupu, na koti lilikuwa dukani kwenye kiti, limelowa umande, na pindo lake limeshika udongo mwekundu. Udongo ule hauko upande wetu wa mto. Sikudhani aliupangusa kwa kiganja, polepole.

"Ametembea," akasema. "Kutoka makaburini mpaka hapa ni kilomita tatu, baba mdogo. Na magoti yake yale."

Siku ile nilimwona akilia kwa hasira, na hasira yake haikuwa na mtu wa kuangukia.

Ndipo ikaja barua yenye mhuri wa kijani, jina la Mzee Chande juu yake, ikimtaka ahudhurie Mkutano Mkuu wa Wenye Maduka. Kuhudhuria ni lazima. Sikudhani aliisoma kanuni iliyoandikwa nyuma ya barua kwa herufi ndogo, akakuta kwamba jina la mwenye duka linaweza kuondolewa mahali pamoja tu duniani, nalo ni mbele ya mkutano huo. Akaja rafuni kwangu na ile barua.

"Tunampeleka," akasema.

Tulikwenda na lori la Jirani lililokuwa likirudi tupu. Nilikaa mbele, koti magotini. Lilikuwa zito. Dereva aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia koti, akatazama jinsi miguu yangu ilivyodidimia kitini, akaongeza mwendo.

Ukumbi wa Ghala Kuu ni mkubwa, una mapazia ya kijani na feni kumi na mbili. Tulifika saa nne asubuhi, jua kali nje. Viti mia moja na kumi na mbili vilipangwa kwa safu, kila kimoja na jina la duka. Nikaingia nikitafuta Makutano ya Tatu, na nilikuwa nimekwisha kupita safu mbili kabla sijafahamu ninachokiona. Viti vilijaa makoti. Yalikuwa yamekaa, vifungo vimefungwa, mikono imelazwa magotini pasipo magoti. Kila koti na harufu yake: hili ugoro, hili mafuta ya nazi, hili iliki, lile dawa ya kuchua. Huku na kule palisikika kikohozi. Watu hai nilihesabu watano, wamekaa mbalimbali, macho chini. Mmoja, mama wa makamo, alinishika mkono nilipompita, akauachia. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Tukaliweka koti la mzee wetu mahali pake, nasi tukasimama nyuma yake, kwa kuwa sisi si wamiliki.

Mkurugenzi Mkuu, Daktari Ombeni Kilasi, alipanda jukwaani akapigiwa makofi na watumishi waliopangwa ukutani.

"Ndugu wamiliki," akasema, "nawatazama na moyo wangu unajaa. Zamani mkutano huu ulichukua siku tatu. Mmiliki huyu anauliza habari za gawio, yule anauliza kwa nini sabuni imekuja bila yeye kuagiza, mwingine anataka kuhamisha chumvi. Leo tunamaliza kwa dakika arobaini. Hakuna kampuni katika ukanda huu yenye wamiliki watulivu kama ninyi. Wataalamu wametoka nchi za mbali kuja kujifunza siri yetu, na siri yetu ni mshikamano."

Akanywa maji. Kisha akasoma azimio. Kwa kuwa uzoefu umeonesha kwamba wenye maduka hufanya kazi vizuri zaidi baada ya kufariki, na kwa kuwa kuwasubiri huchelewesha maendeleo, kuanzia sasa kila mwenye duka mpya ataandikwa marehemu tangu siku ya kutia sahihi. Utaratibu huo utaitwa Umiliki Tulivu. Mwenye duka mpya hatasema. Akisikika akisema, na mtu akakiri kumsikia, uhamisho utabatilika na kiti kitarudi kwa aliyekuwa nacho.

"Anayepinga anyanyue mkono," akasema Mkurugenzi, akiwa tayari amegeuza karatasi.

Nilikuwa nimeshika ukosi wa koti la mzee. Nikahisi kitambaa kinavutika. Mkono wa kulia wa lile koti ukaanza kupanda, taratibu, kiwiko kwanza, kwa sababu bega lake lile lilikuwa bovu tangu alipoanguka na gunia la ngano. Ukafika juu ukasimama. Safu ya nyuma yetu mkono mwingine ukapanda. Kisha wawili upande wa dirisha, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote, mikono ya kijani mia moja na saba, mitupu, imesimama hewani bila kutikisika. Wale watano walio hai hawakunyanyua yao. Mama wa makamo alikuwa amejiziba uso.

Mkurugenzi aliitazama mikono, kisha akazitazama feni.

"Zimeni feni," akasema.

Feni zikazimwa. Zilizunguka, zikapunguza, zikasimama. Mikono haikushuka hata mmoja.

"Katibu," akasema Mkurugenzi, "andika: upepo. Azimio limepita."

Sikudhani akapita katikati ya safu mpaka mbele. Hakuna aliyemzuia, pengine kwa sababu alikuwa kitu pekee kilichokuwa kikitembea mle ndani.

"Mheshimiwa, nina ombi la baba yangu, Mzee Chande wa Makutano ya Tatu."

"Namfahamu," akasema Mkurugenzi, na uso wake ukalainika. "Mmiliki wa mfano. Tangu afariki hajakosa Alhamisi."

"Amechoka, mheshimiwa. Anaomba jina lake litoke mlangoni."

"Binti yangu, nani amemzuia kupumzika? Akae mwingine tu. Kiti hakiwezi kuwa wazi, hilo ndilo tunalolikataa."

"Nitakaa mimi."

Fomu ililetwa haraka kuliko fomu yoyote niliyoiona maishani. Niliisoma juu ya bega lake. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, nimefariki."

"Nikitia sahihi, baba analala?" Sikudhani akauliza.

"Kuanzia Alhamisi ijayo, saa mbili kamili."

"Mwanangu, usitie," nikamwambia. "Turudi nyumbani. Tutatafuta njia."

Akanigeukia. Ana macho ya baba yake.

"Wewe si ulimsikia akihema, baba mdogo?"

Nilikuwa nimemsikia. Akatafuta kalamu kwenye mkoba wake akakosa, akanyoosha kiganja, na mimi, kwa mazoea ya miaka mingi ya kumpa yule mtoto kila anachokiomba, nikampa yangu.

Wakati wa kurudi koti lilikuwa magotini kwangu na sikuhisi kitu ila kitambaa.

Jumatano tulilipeleka makaburini tukalifukia miguuni pa mzee. Mchana ule ule tukaweka matanga ya Sikudhani, kama kanuni inavyotaka. Jirani ilitoa mchele na Godlove akatoa hotuba. Bi Tausi alileta cheti cha kifo yeye mwenyewe, kimekamilika, kimegongwa mihuri, bila kosa hata la nukta. Marehemu ndiye aliyepakua wali, kwa kuwa wapishi walikuwa pungufu. Wanawake walianza kulia kwa heshima tu, na walipoinua macho wakamwona anawaongezea mchuzi, wakalia kweli. Picha yake ikapanda juu ya mlango. Alipopigwa picha hiyo aliambiwa asicheke, na hakuwa amecheka.

Jioni watu walipoondoka akaja nilipokuwa nikikusanya mikeka.

"Kesho usinijibu, baba mdogo. Hata nikikuita. Usinijibu, asije akatembea tena."

"Sitakujibu," nikasema.

"Hata nikikuomba."

"Hata ukiniomba, mwanangu."

Alhamisi asubuhi nilifungua duka nikaenda moja kwa moja kwenye makopo. Yalikuwa kama nilivyoyaacha. Nyanya zimetazama njia, maharage yametazama njia. Hapakuwa na karafuu. Nikasimama pale nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amelala. Saa mbili kamili Sikudhani akaingia na koti jipya la kijani, akakaa.

Tangazo la kujibu salamu lilibanduliwa. Kikafungwa kipaza sauti kinachosema "Karibu dukani" kwa sauti ya mwanamke wa mji mkuu. Kwenye mashine yake akawekwa mtu mwingine. Mji mzima ulikuwa unajua kanuni: anayekiri kumsikia Sikudhani anamwamsha Mzee Chande. Na kwa kuwa hakuna mtu Makutano ya Tatu ambaye hakumpenda Mzee Chande, hakuna aliyemjibu binti yake. Bombani watu walijaza ndoo mbele yake bila ubaya wowote. Zahanatini muuguzi alimruka akaita jina lililofuata. Yule bibi wa sukari robo alikuwa akimwachia ndizi mlangoni, akiiweka chini na kuondoka bila kugeuza shingo, kama tunavyowawekea walio makaburini. Ninyi wasomaji mnaweza kusema sisi ni watu wakatili. Sijawahi kuona mji ukimnyamazia mtu kwa mapenzi makubwa namna ile.

Wiki za mwanzo alikuwa akisema peke yake, habari za mvua, habari za baba yake. Baadaye alipunguza. Mikono yake ilipata ubaridi ule wa yule mama wa mkutanoni. Nilijua siku aliponipa kopo lililoanguka na vidole vyetu vikagusana.

Juzi ilikuwa Alhamisi yake ya kumi na moja. Bwana Lusinde alikuja saa mbili na nusu na fomu mpya. Nayo ina visanduku viwili, "Amekaa" na "Amesema." Alisimama mbele ya kiti, akalamba ncha ya kalamu. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake na katoni ya maziwa ya kopo.

"Baba mdogo," akasema Sikudhani. "Unanisikia?"

Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu aliyezimikiwa na taa anavyouliza kama kuna mwenzake chumbani. Alikuwa amesahau, au alikuwa amechoka kukumbuka.

Kalamu ya Bwana Lusinde ilisimama juu ya karatasi. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi, na nikaona naye anaomba.

"Umesikia kitu, mzee?"

Nikafikiria kilomita tatu. Nikafikiria magoti yale.

"Upepo, Bwana Mkaguzi," nikasema.

Akaweka alama kwenye "Amekaa," akakunja fomu, akaenda. Nikarudi kwenye rafu. Nilichukua kopo la kwanza nikaligeuza lebo ielekee kwenye kiti, kisha la pili, kisha la tatu, nikaendelea hivyo mpaka safu ikaisha. Nilipoinua macho alikuwa akinitazama. Kisha akatazama chini, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.